Gari Hii Inakunywa Kweli?

Jumamosi, baada ya dhuhuri. Joto la leo ni lile la mwezi wa tisa la Maskati: halichomi tu, linanata. Watoto wamelala wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo huwa halitokei, na mie badala ya kulala nimekaa naandika. Kichwa hakijatulia.

Nianze na gari.

Ni gari ya baba, aliyonipa nilipoolewa, na sasa ina miaka kumi na saba. Toka mwaka huu uanze mume wangu Nassor anasema inakunywa mafuta. Hasemi kwa ubaya, anasema kama mtu anayezungumzia mgonjwa. Wiki mbili nyuma akaniambia ameshapata mtu wa kuinunua, atakuja kuiangalia Jumapili baada ya alasiri. Asubuhi za skuli, mie na watoto tutachukuliwa na dada yake, wifi Asya, ambaye anapeleka wanawe skuli hiyo hiyo. Mavyaa wangu, mama yake Nassor, tunayekaa naye hapa Khuwair ya Kusini, akatia lake: "Gari yako mwanangu inakunywa kama ngamia. Tena afadhali ngamia, akishanywa hutulia siku nyingi."

Tulicheka wote. Hata mie nilicheka. Halafu nikaenda jikoni nikafungua friji, nikasimama pale, sijui natafuta nini.

Nikajiambia: haiuzwi kwa maneno. Ikiuzwa, iuzwe kwa hesabu.

Tatizo ni kwamba nyumba nzima hakuna aliyekuwa na hesabu. Sisi tukifika kwenye mafuta tunashusha kioo, tunasema tia ya riali tatu, tunapandisha kioo, tunaondoka. Lita ngapi? Hatujui. Kilomita ngapi? Hatuangalii. Tunachojua ni kwamba juzi tulitia na leo mshale umelala tena. Basi nikampigia kaka yangu Salim, ambaye magari anayajua.

"We Rahma, utajuaje na wewe hujazi hata siku moja? Jaza mpaka pampu ikate yenyewe. Rudisha kilomita sifuri. Tembea wiki nzima kama kawaida yako, halafu jaza tena pampu ile ile. Lita zitakazoingia ndizo zilizonywewa. Na huyo anayetia, mwambie asikuongezee!"

Maana wanaongeza kweli. Pampu ikishakata, wanaminya tena kidogo kidogo mpaka riali itimie isiwe na chenji. Ilibidi nishuke nisimame naye, jua la utosi, kumwambia khalas, khalas, basi. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Wiki ikapita. Skuli na kurudi, sokoni, skuli na kurudi. Alkhamis jioni nikajaza tena. Kilomita mia mbili na kumi. Lita thelathini na moja.

Niliisoma ile namba mara tatu. Hata mimi nisiyejua magari nilijua ni nyingi.

Nilimtumia Salim. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia nyundo: "Hiyo si gari, hiyo ni lori." Kisha akauliza: "Lakini dada, ukifika unaizima?"

Nikamwambia naizima.

Nimemdanganya kaka yangu. Ndiyo maana naandika.

Jana Ijumaa tulikuwa na safari ya Barka, kwa shangazi, kwenda na kurudi. Niliendesha mwenyewe, Nassor pembeni, watoto nyuma. Tulipofika, nikazima. Tulipoondoka, nikawasha. Leo asubuhi nimekwenda kujaza kwenye pampu ile ile: kilomita mia moja na sitini, lita kumi na tatu.

Gari haina ugonjwa.

Nilikaa pale pale kwenye mafuta nikapiga hesabu nyuma ya risiti, mpaka wa nyuma yangu akanipigia honi. Barabara kuu inakula kidogo kuliko mjini, hilo najua. Lakini hata nikiiongezea, kwa mwendo huo wiki ile ya skuli ingetaka lita ishirini au ishirini na moja. Ziliingia thelathini na moja. Zilizobaki zimeungua gari ikiwa imesimama.

Hapa nani anazima gari? Mtu anaingia dukani anaiacha inanguruma nje ili akirudi akute baridi. Tukitaka chai tunapiga honi nje ya hoteli, chai ya karak inaletwa dirishani, tunainywa humo humo. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniona akashangaa. Kila nikishamshusha mwanangu mkubwa skuli, sirudi nyumbani. Nakwenda Azaiba, nasimama karibu na bahari, nakaa. Saa moja na nusu. Siku nyingine saa mbili. Mwanangu mdogo, Zuwena, amelala nyuma kwenye kiti chake, gari inawaka, baridi inapuliza.

Mwanzo ilikuwa kwa ajili yake. Alikuwa halali ila gari ikiwaka, na nikiizima tu, macho hayo. Sasa ana miezi kumi, analala popote. Mie ndiye bado nakwenda.

Sifanyi kitu. Sisomi, siongei na simu. Naangalia mbele.

Na wallahi nyumbani hakuna anayenitesa. Mavyaa wangu ananipenda, ananiwekea kipande cha samaki kilicho kizuri. Lakini ni nyumba isiyofungwa mlango. Wageni wa asubuhi, kahawa, tende, wageni wa jioni, kahawa tena. Hata nikiingia chooni mtu ananiita. Nikienda skuli na wifi Asya itakuwa hivyo hivyo mpaka garini, na Asya hanyamazi, Mungu amhifadhi.

Nilipofika na risiti yangu leo nilimwonyesha Nassor ile ya Barka tu. Ya wiki niliiacha kwenye mkoba. Alifurahi kama mtoto. "Kumbe nzima!" Halafu akakunja uso. Akasema basi kama inatembea vizuri na mafuta yanapotea, kuna pahala inavuja, na gari yenye watoto haiachwi ikivuja petroli, kesho alfajiri anaipeleka kwa fundi ishushwe tanki.

Nikamwona kabisa anavyoogopa. Anaogopa moto. Anaogopa kwa ajili yetu.

Nikatoa ile risiti ya pili. Nikamwambia, "Haivuji. Naikalia."

"Unaikalia wapi?"

"Azaiba. Baada ya skuli."

Akauliza taratibu, bila kunitazama, "Unakaa na nani?"

Sikutegemea swali lile. Miaka sita ya ndoa. Nikamjibu, "Na mwanao." Akatikisa kichwa, akasema anajua, hakumaanisha hivyo. Alimaanisha. Baadaye akauliza tena, sauti ya chini mama yake asisikie: "Na nyumba ina nini, Rahma?"

Nikasema nakwenda kuwalaza watoto.

Ni saa nzima sasa. Namsikia sebuleni na mama yake, wanaongea mambo ya samaki. Hajaniita. Mnunuzi bado anakuja kesho, hakuna aliyemwambia asije.

Nikinyamaza tena, itauzwa, na nafsini mwa Nassor litabaki lile swali la kwanza, nakaa na nani. Hilo sitaliacha. Gari naweza kuikosa.

Kwa hiyo leo leo, kabla ya magharibi, nitamwita chumbani nifunge mlango. Nitamwambia nyumba haina ubaya wowote. Nyumba ina watu, nami nataka saa moja kwa siku isiyo na mtu wa kuniita. Akinipa saa hiyo hapa hapa ndani, gari na iende. Kama hawezi, gari inabaki.

Na sitamwomba radhi nikisema.