Dawa Tuliyoifukia Nyuma ya Jiko

Basi yule bwana wa maji kaja tena, Baba Zainabu, na safari hii kabeba beseni. Kalijaza mchanga, kaulowesha, katia tone moja la rangi nyekundu katikati. Hakukoroga. Tukakaa tunatazama, wanawake wote wa hapa Ziwani, mpaka mguu wangu ukafa ganzi, si unaujua, ule wa kushoto, tangu nilipoanguka na tenga la mihogo ukanicheka wewe. Rangi ikatambaa yenyewe. Duara likatanuka, kila inapokwenda inapauka, lakini inakwenda.

"Ardhini ni hivi hivi," kasema. Katoa karatasi, kachora visima vyetu, kavizungushia miduara. Cha jirani yetu Somoe ndicho kilichoanza kunuka, kikafuata cha msikitini. "Kwa hesabu yangu kitu kinatokea hapa katikati. Nani anajua pana nini?"

Hapo katikati ni nyuma ya jiko letu, mume wangu. Nikajifanya nafunga kanga.

Unakumbuka? Madumu manne ya dawa ya kupulizia mikorosho, iliyokwisha muda wake. Wewe ulitaka kuyapeleka porini. Mimi ndiye niliyesema, "Fukia hapa hapa, watoto wasije wakachezea. Kikishafukiwa kimetulia." Ukachimba mpaka kiunoni, ukasema Bismillahi, ukafukia, ukakanyagakanyaga. Nikakupa uji. Tukajiona watu wa maana.

Na Somoe, maskini! Tulimwambia, "Ndoo yako chafu, mwenzetu, jifunze kusugua!" Nilicheka na mimi.

Jana nikamfuata yule bwana pembeni. Nikamuuliza, mtu akikifukua kitu chenyewe, je? "Hakitazidi, mama. Lakini kilichokwisha toka hakirudi." Na duara linalofuata linapita kwenye kisima cha Zainabu, kile ulichomchimbia mwenyewe alipoolewa. Wajukuu zako wanakunywa hapo.

Zainabu huyo huyo ndiye anayeniandikia barua hii. Kalamu imesimama. Andika, mwanangu, usinitazame hivyo. Andika kwamba ni mama yako aliyesema, baba alitii tu.

Kaburini kwako nilikuja mara mbili kukwambia, nikaishia kung'oa majani. Sina pa kuliweka hili. Nikilala nalisikia linatembea chini ya kitanda, pole pole, halina haraka...

"Mama Zainabu wee! Bwana wa maji anaondoka! Kama una neno, njoo!"

Somoe huyo, yuko uani. Haya, nakwenda kuwaonyesha shimo. Na yeye atasikia.

Lala, baba.

Mkeo, Mama Zainabu