Nimeifuta Nyumba Yetu Kwenye Ramani

Baba Kabula,

Nilianza na "mpendwa", nikalikata. Bora tusidanganyane.

Jana wamekuja tena. Safari hii mtu na mkewe, wazungu wa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Wakanionyesha simu, ile ramani yenu ya wasafiri wanaoivuka Afrika kwa barabara. Hapa Runzewe umeandika mwenyewe: maji yapo, hema ruksa, mama anapika, muulize mwenyeji. Mwenyeji ni wewe. Wakakuulizia. Niseme nini, mwanaume wewe?

Unakumbuka tulivyoihakiki pamoja? Wewe mbele kwenye pikipiki, mimi nyuma na simu, Kabula tumemwacha kwa bibi yake. Pale Isaka uliwabana madereva wa malori kwa maswali mpaka chai yao ikapoa. Kule Nyarugusu tukakuta wachimbaji wamefukua shimo katikati ya njia, ukaifuta palepale. "Njia iliyokufa ikibaki kwenye ramani, inaua mtu," ulisema. Nilikupenda kwa hilo, sikatai.

Na yale matawi je? Lori likiharibika, dereva hukata matawi akayatandaza barabarani ili wanaokuja wapunguze mwendo. Likitengemaa, anayaondoa. Ukiyakuta yameachwa, lori halipo, ulikuwa unasimama na kuyatupa porini huku unafoka: "Mtu mzima hana haya! Kaondoka zake, watu wanakwepa hewa!"

Kisha ukaondoka wewe. Eti unakwenda kuhakiki njia ya kaskazini, mvua zikianza utakuwa umerudi. Mayo wane, mama yangu mie! Mvua zimekuja, zimekwenda, zimekuja tena. Kwenye ramani nakuona: leo umerekebisha taarifa za daraja Ethiopia, kesho za kivuko Sudan. Kumbe uhai unao, simu unayo, na mtandao unao. Unajua kila korongo la Afrika limejaa lini, ila hujui kwamba Kabula amenipita urefu, wala kwamba mama yako tulimzika bila wewe. Alikufa akiniuliza kama barabara imefungwa.

Nimechoka kuwasongea ugali wageni wako na kukutungia uongo. Wale wa jana walipoondoka, niliingia kwenye ramani kama ulivyonifundisha, nikaandika: hapa hakuna mwenyeji. Nikaifuta nyumba. Matawi yako nimeyaondoa mimi.

Kabula alikuwa anachungulia begani kwangu.

"Mama, sasa baba akitaka kurudi atapaonaje?"

"Mtu haulizi njia ya kwao, mwanangu."

Akalia. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, halafu tukala.

Safari njema, maana ndiyo uliyoichagua.

Mama Kabula,
aliyekuwa mkeo