Jina la Absalom kwenye Ombi

Msitu wa Malkia, Kanada Magharibi
Juni 20, 1847

Kaka yangu mpendwa Philemon,

Nakusalimu wewe, wifi Hester na watoto, nikitumaini kile kikohozi kilichokushika wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Viazi vimechipua, ng'ombe mwekundu amezaa, na inzi weusi wanatutafuna kabla sisi hatujatafuna chochote. Barua hii usiisome kanisani kama ulivyoisoma ile nyingine, tafadhali. Isome peke yako, na ukimaliza itie motoni. Nivumilie nikueleze taratibu.

Unajua tulivyoingia msitu huu, hakuna njia wala mwenyewe. Tumekata miti, tumeng'oa visiki, tumechoma magogo tukauza majivu yake ili tupate chumvi. Sasa wamekuja wapimaji wa serikali na minyororo yao ya kupimia, wanasema ardhi yote ni ya Malkia na itapigwa mnada. Sisi fedha za mnada tuzitoe wapi? Ndipo tukakubaliana tupeleke ombi kwa Bunge kule Montreal, watuachie mashamba tuliyoyafungua kwa mikono yetu. Mpimaji akatuonya kwamba nyumba isiyotajwa kwenye ombi, shamba lake litahesabiwa halina mtu.

Ombi la kwanza aliliandika Mhubiri Dorsey. Wengi wetu tulizaliwa mahali ambapo mtu mweusi akikutwa na kitabu anachapwa, na mhubiri hakutaka watu wazima waaibike kuchora msalaba mahali pa jina. Basi akaandika majina yote mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza. Tukaona ametuheshimu, tukampa kuku. Kumbe tumejichongea! Ombi likarudishwa. Karani wa Bunge alisema majina yote yametoka mkono mmoja, hivyo ni kama mtu mmoja tu amelalamika. Kila mwenye nyumba atie alama yake mwenyewe, hata msalaba, mbele ya shahidi. Na Bunge linakaribia kufungwa! Jirani yetu Dicey Pruitt, unamjua kwa ulimi, akamwambia mhubiri mbele ya watu kwamba mwandiko mzuri umetuponza, na kuku wake amrudishie hata kama imebaki mifupa. Tulicheka, lakini roho zilikuwa juu juu.

Siku hiyo wote walirudi makwao wamenuna isipokuwa mume wangu. Absalom alipiga mluzi njia nzima. Nikamwuliza kulikoni, mwenzetu, mbona wenzako wanalia nawe unaimba? Akasema hali ya hewa ni nzuri. Nikaona huyu sasa akili zimemruka.

Jumamosi iliyofuata akaja hakimu kutoka wilaya ya pili kuwa shahidi, watu wakapanga foleni kanisani. Absalom hakutokea. Nikarudi nyumbani mbio, nikamkuta anapasua kuni zilizokwisha kupasuliwa. Kaka, nilimtolea yote. Nilimwita mwoga, nikamwuliza kama anataka wanawe walale njiani kama mbwa wasio na bwana. Kisha akaketi kwenye gogo akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona analia tangu nimjue.

Philemon, Absalom ana mke mwingine. Anaitwa Charity, yuko Maryland bado, utumwani, na watoto wawili. Walioana kwa kuruka ufagio mbele ya wenzao, kama sisi tulivyoruka. Aliwaacha ili atafute njia ya kuwatoa, njia haikupatikana, na miaka ikapita. Bwana wao aliapa kwamba siku atakayosikia Absalom yu hai, anavuta pumzi ya mtu huru, atamuuza Charity na wanawe kusini kwenye pamba, kila mmoja kwa mnunuzi wake. Na majina ya waombaji husomwa Bungeni, yakachapwa magazetini, na magazeti huvuka mpaka. Mhubiri alipoandika jina lake bila kumwuliza, mume wangu hakulala mpaka ombi liliporudi.

Nisikufiche, nilishikwa na wivu mpaka nikatamani kumpiga na lile gogo. Miaka yote hii! Halafu nikawafikiria wale watoto wawili, nikaona haya. Nikawafikiria na wangu. Nikajifunga kilemba changu cheusi nikarudi kanisani.

Hakimu akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikasema amekufa. Kanisa zima likageuka kunitazama, maana asubuhi ileile walimwona kisimani. Mara Dicey akaangua kilio, eti masikini Absalom, alikuwa mtu mwema ijapokuwa mvivu! Basi wote wakaanza kunipa pole, na mhubiri mwenyewe, mtu wa Mungu, akainamisha kichwa. Hakimu akauliza kifo cha nini. Nikasema mti ulimwangukia, akafa papo hapo. Nikatia mkono wangu: Keziah Tolliver, mjane wa Absalom Tolliver.

Ombi limekwenda. Lakini wanasema Bunge litamtuma mtu kuja kuhakikisha, na uongo wangu ukigundulika, ombi lote litatupwa, na majirani hawa walionilinda watafukuzwa pamoja nami. Sili nikashiba. Mbwa akibweka tu, Absalom anaingia kwenye shimo la viazi. Kwa hiyo ukija wakati wa mavuno, nakuomba kwa jina la mama yetu, usifike getini ukapaza sauti kumwita shemeji yako kama kawaida yako. Njoo umevaa nguo nyeusi. Mgeni akikuuliza, mwambie tulimzika vizuri.

Bado neno moja, nalo ndilo linalonisumbua kuliko hakimu na Bunge. Jana Absalom aliweka shoka chini akaniuliza mimi, mjane wake, nilieleza amekufaje. Nikamwambia ni mti. Akauliza kama alikufa papo hapo. Nikamwambia ndiyo, papo hapo, hivyo ndivyo nilivyomwambia hakimu. Akatikisa kichwa akasema vizuri, asije akadhani niliteseka.

Sikumwuliza nani. Nilijua ni yule ambaye gazeti likivuka atasomewa habari hiyo na bwana wake kwa kicheko, atavaa nyeusi ya kweli, na ni mimi nitakayekuwa nimemvisha. Niombee, kaka, na umwombee na yeye kwa jina lake.

Watoto wanakusalimu. Dicey anasema ulete tumbaku. Na yule ambaye simtaji anakupa mkono.

Ni mimi dadako,
Keziah