Laila Yuko Chuoni, Mlimani

Quartier Asiatique,
Bujumbura.
16 Novemba 2002 (11 Ramadhani)

Dada yangu mpenzi Moza,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muscat, wewe na shemeji Tamim, na goti lako liwe limepoa hata unaweza kusali umesimama. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Dalia hajambo, presha yake imetulia kidogo. Dukani tunafungua asubuhi na kufunga mapema, maana kila mtu anataka giza limkute nyumbani kwake. Ramadhani imeingia na funga inakwenda vizuri, ila futari tunaila tumetega masikio.

Najua mlikwenda uwanja wa ndege kumpokea mwanangu Laila na hamkumwona. Niwieni radhi. Simu zilikatika, na zilipopona mimi sikujua nianzie wapi. Mtoto yuko hai. Hilo ulisome kwanza, halafu usome mengine.

Mwezi uliopita chuo kikuu kipya cha binafsi, kilichojengwa nje kidogo ya mji, kule juu milima inapoanzia, kiliwaita wazazi na vijana waje kukitazama. Laila akaniomba nimpeleke. Viza mliyomtumia ya kuja kwenu ilikuwa tayari kabatini, nikasema kutazama hakuna ubaya.

Dada, kilinipendeza, nisikufiche. Madarasa bado yananuka rangi. Wanafundisha sheria, uongozi wa biashara na mambo ya kompyuta, na kompyuta zenyewe nimeziona, zimefunikwa vitambaa kama mikate. Umeme ukikatika wanawasha jenereta. Wana basi lao la kupandisha wanafunzi, na bweni dogo la wasichana lenye mlezi wa kike. Niliuliza kama binti wa Kiislamu atapata pa kusali, wakanionyesha chumba kisafi chenye mkeka. Kutoka dirisha la maktaba unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo.

Mkuu wa masomo, bwana mmoja anaitwa Anselme, mwenye tai na sauti ya upole, alikuwa anatueleza masomo ya mwaka wa kwanza pale maktabani risasi zilipoanza. Si mbali kama tulivyozoea, zilikuwa nyuma ya ukuta. Sote tukalala chini. Mimi nilimfunika Laila kwa mkono wangu, kana kwamba mkono unazuia kitu.

Watu wakaanza kulia. Ndipo nikasikia Laila, chini ya mkono wangu, anauliza:

“Monsieur, mwaka wa pili tunasoma nini?”

Anselme alikuwa amelala kifudifudi karibu nasi, tai yake imekunjamana kwenye saruji. Akajibu hukohuko chini. Mwaka wa pili, sheria ya ardhi na sheria ya familia. Mwaka wa tatu, mwanafunzi anapelekwa kujifunza kazi mahakamani au kwa wakili. Mwingine akauliza kama wanafundisha Kiingereza. Akajibu. Watu wakaacha kulia, wakawa wanauliza maswali huku wamelala. Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, Mama Namegabe, anauza vitenge huku kwetu. Yeye akauliza:

“Na muzazi akikufa katikati ya mwaka, mutoto munamufukuza?”

“Apana, mama,” Anselme akasema. “Hatumufukuzi. Lakini tuombeane, na mi nina watoto.”

Askari walituruhusu kushuka alasiri. Dalia alitupokea mlangoni akimpapasa Laila mwili mzima kama anayetafuta kitu kilichopotea. Nilisema palepale kwamba basi, imekwisha, mtoto anakwenda kwa shangazi yake. Laila akanitazama, akasema:

“Baba, kule Muscat nitakuwa mugeni wa shangazi. Huku nitakuwa mwanafunzi.”

“Mwanafunzi wa kulala chini?”

“Mi nilielewa yote aliyofundisha, hata nikiwa chini.”

Nikamkatalia. Hakubishana nami, na hilo ndilo lililoniumiza. Alifunga sanduku lake kwa adabu, akamuaga kila jirani. Siku ya safari tukampakia garini, tukafika karibu na daraja, tukakuta barabara ya uwanja wa ndege imefungwa. Kulikuwa na mapigano mbele. Tulikaa juani mpaka ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, inaondoka. Dalia ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini:

“Himid, barabara ya kutoka imefungwa na ya kubaki imefungwa. Sasa muache mutoto achague.”

Marehemu baba angepata la kumjibu, dada. Mimi niligeuza gari.

Masomo yalianza mwanzoni mwa mwezi huu. Kwa kuwa njia ya kupanda haina amani, wasichana wanalala bwenini na hawashuki ila wakiruhusiwa. Kwa hiyo sanduku lililofungwa kwa ajili yenu limekwenda mlimani. Nikisimama juu ya paa la duka naliona bati la chuo linang'aa. Kama angekuwa kwenu, bahari ingekuwa kati yetu na ningelala usingizi. Sasa namwona alipo, na siwezi kumfikia.

Juzi Dalia alipika sambusa na tambi, akavitia bakulini pamoja na tende, nikampelekea Laila. Kwenye kizuizi askari wakanirudisha. Kijana wa umri wa Laila, na bunduki, ananiambia “Muzee, rudia hapo.” Nikarudia hapo. Nikampa bakuli Radjabu, dereva wa basi la chuo, yeye huwa wanampitisha. Usiku ule tulisikia mizinga upande wa huko, na jana basi halikushuka. Dalia alifuturu maji tu.

Leo asubuhi Radjabu amepita dukani mbio mbio, akaniachia bakuli mezani, akaondoka kabla sijamaliza kumuuliza kama amemwona Laila. Limeoshwa. Ndani hamna hata kikaratasi. Dalia anasema ni Laila aliyeliosha, anamjua mtoto wake. Mimi nimeligeuza na kuligeuza, na sioni alama ya mkono wa mtu. Wateja wananiuliza bei ya sufuria nami nimelishika tu.

Viza mpeni mtoto mwingine wa ukoo kama inawezekana. Usinikasirikie, na kama umekasirika, niandikie hivyo hivyo.

Msalimie sana shemeji Tamim, na Moosa na mkewe. Dalia anakukumbatia, anasema halua yako hajaisahau. Mwenyezi Mungu akutunzie macho na miguu, aipokee funga yako, na dua zako zikipanda zipitie juu ya mlima huu wetu.

Ndugu yako akupendaye, asiye na la kufanya,

Himid