Nipo Tu

Jumatatu, 3 Mfunguo Tano
Kofia ya kwanza mwezi huu. Vishimo vya pembeni, vya kudariziwa, bado. Mlima umejifunika, mwanga hafifu, nashonea barazani. Mke wangu Mwanahawa anakaza duara la juu. Mhindi wa sokoni huleta kitambaa na uzi, huchukua kofia. Karani wa akida kapita na daftari lake, kauliza nafanya nini siku hizi. Nikajibu kama mtu mwenye adabu: "Nipo tu." Akaandika. Kwa maneno mawili aliandika muda mrefu.

Jumatano, 5
Nimeelewa. Kaandika sina kazi. Asiye na kazi hupewa kipande, kadi ya kazi ya lazima: siku thelathini shamba la katani la Mzungu. Na vidole hivi. Sikushtuka. Nimemaliza vishimo.

Alhamisi, 6
Kwa akida. Nikamwambia nashona. Akacheka. "Barazani kwako? Msimamizi nani? Kengele inapigwa saa ngapi?" Anataka barua ya tajiri aliyeniajiri. Kumbe kazi ni ile unayotoka nyumbani kuifuata.

Ijumaa, 7
Baada ya swala, kwa Mhindi. Miaka minne ananiita fundi wangu. Leo: "Ndugu yangu, nikiandika wewe ni mtu wangu, ukiugua nitaambiwa nikutibu." Sina barua. Kanipa kibonge cha uzi, bure.

Jumamosi, 8
Askari yuko mlangoni. Nachukua shuka moja. Sindano namwachia Mwanahawa.

Jumatatu, 15 Mfunguo Sita
Nimerudi juzi. Kipande kimejaa alama, zote thelathini. Miba ya katani imo vidoleni, vimevimba kama mihogo. Nimejaribu kutunga uzi. Tundu naliona. Vidole havilioni. Nilidhani nitalia. Nikalala.

Jumanne, 16
Karani tena. Kakitazama kipande, kaandika nina kazi. Sasa, siku ambayo siwezi kushona. Mwanahawa yuko barazani, kofia gotini. Nilipokuwa katani alijifunza vishimo. Vyake vimenyooka kuliko vyangu, sijamwambia. Karani akamgeukia.
"Na wewe mama, wafanya nini?"
"Nipo tu, mwanangu."
Daftari hakulifungua. Wanawake hawana kipande. Alipokata kona, Mwanahawa akakata uzi kwa meno, akaendelea.
Mimi namshikia kitambaa kisijikunje. Hiyo nayo sijui inaitwaje.