Kukhu, Sikio Lako Lilikuwa Zito Tu

Kukhu,

Nyanya yangu, tumenyolewa nywele za matanga yako. Naanza na hilo kwa sababu ungetaka kujua nani alifika Kabuchai. Walifika wote, hata wale wa Webuye wenye ulisema wamekusahau. Sasa nimerudi Kitale na kichwa changu kinasikia baridi.

Nilifanya jambo pale nyumbani kwako. Mimi, mwenye nikiulizwa jina naangalia viatu.

Unamkumbuka Mwalimu Lan, jirani yetu kutoka Vietnam, mwenye tulikuja naye Krismasi? Ulipokuwa hushiki anachosema, hakukasirika. Alisogeza kiti, akakwambia kwao kusikia kuna majina mengi. Điếc ni yule hasikii kabisa. Nghễnh ngãng ni mzee anayeshika hili, lile likampita. Mwenye masikio makali ni thính tai. Na wewe, akasema, ni nặng tai, sikio zito. Kusikia kwamba tai ni sikio, ulicheka mpaka chai ikamwagika: "Ati tai? Si huyo ndiye anamalizanga vifaranga vyangu!" Halafu ukatulia. "Zito. Hiyo nakubali." Maisha yako yote ulikuwa umeitwa kiziwi tu.

Mimi niliyakariri maneno yale kwa ajili yangu pia. Darasani sauti nyembamba zinanipotea, kama zilivyokupotea wewe. Wenzangu wakicheka, nami nacheka. Mama anajua. Alinikataza kusema, ati nitaitwa kiziwi kama wewe, halafu nani atanioa?

Basi siku hiyo ya kunyolewa, mzee aliyeongoza akauliza nani ana neno juu yako. Baba Mkubwa akasema, "Tusidanganyane, mama yetu alikuwa kiziwi. Mambo ya boma hili hakuyajua, alikuwa anaitikia tu."

Kukhu, nilisimama. Nikasema hukuwa kiziwi. Trekta ya miwa uliisikia ikiwa bado mbali. Mvua ikigusa mabati, ulikuwa wa kwanza kuanua nguo. Ni sauti zetu watoto ndizo zilikuwa zinakukimbia. Nikasema sikio lako lilikuwa zito, na langu ni zito vile vile.

Mama akainama. Kisha Senge, dada yake Baba, akapasuka: "Kumbe ndio maana hunisalimiangi! Mimi nilidhani ni maringo." Watu wakaangua kicheko, na mimi pia, halafu nikalia hapo hapo mbele yao.

Tangu turudi, Mama hajaniongelesha vizuri. Lakini jana, kabla ya kuniita chakula, alizunguka kwanza akaja upande wangu wa kulia, ule wenye nafuu. Niliona.

Jumatatu namwambia mwalimu wa darasa anihamishe mbele. Likizo ikifika naenda hospitali nipimwe, na wakinipa kifaa cha sikio nitakivaa wazi, kila mtu akione. Naogopa. Nitaenda tu.

Pumzika, Kukhu wangu. Sitaitikia tena nisichosikia. Nitasema: rudia.

Mjukuu wako,
Nekesa