Shati la Meza ya Bwana

Isansa, Jumapili jioni

Dada Tumwene,

Shikamoo. Huku mvua imekatika, kahawa tumeianika. Mume wangu amesimikwa mzee wa kanisa, na leo amehubiri. Jana shati lake jeupe nilililoweka kwenye maji baridi na chumvi, maana ya moto yanagandisha damu.

Amefundisha kwamba kikombe huoshwa ndani kwanza. Watu wakaitikia amina. Tulipotoka, mama mchungaji akaniuliza shati lile nalifulia sabuni gani, linavyong'aa. Nikamtajia, leso ikiwa mdomoni kuficha aliponipasua mume wangu.

Nikiweza tena kunywa chai ya moto, nitakuja huko Tunduma. Nitakuja na Yonathani, mwanangu. Baba yake atabaki na kanisa.

Mdogo wako,
Enesi